Mbio Alizozichukua Binti Kondo

Nakumbuka siku mume wangu alipowekewa matanga akiwa hai, mzima wa afya, ameshika usukani wa lori kwa mikono yake miwili. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, mtoto wetu wa kwanza mapajani. Nililia na kucheka kwa pamoja, mwanangu, na hata leo nikipita njia ya Pugu sijui kama machozi yale yalikuwa ya msiba au ya furaha.

Najua kesho una safari. Utapanda basi kubwa lenye vioo, utakaa kitini, utaegemea, utasinzia. Kabla hujasinzia nisikilize kidogo. Mimi bibi yako sijapata kushika usukani, lakini nimelala miaka mingi karibu na mtu aliyeushika, na mke wa dereva anaijua barabara kama mke wa mvuvi anavyoijua bahari: kwa kusubiri.

Wakati ule Mwingereza ndiye aliyekuwa akiitawala Tanganyika, na Kariakoo yetu ilikuwa mchanga mtupu. Mvua ikinyesha tulivua viatu, jua likiwaka tulivua pia, maana mchanga uliingia viatuni ukatusugua vidole. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, kila moja na baraza yake, na kila baraza na maneno yake. Asubuhi harufu ya vitumbua iligombana na harufu ya samaki waliotoka Feri, na kabla ya adhuhuri samaki walikuwa wameshinda. Nyuma ya lile banda kubwa la soko ndipo malori ya safari yalipopakia.

Ninasema malori, kwa sababu basi la abiria unalolijua wewe halikuwako. Lori lilibeba magunia ya mbata na mihogo. Likiwekwa mabenchi lilibeba watu. Mara nyingi lilibeba vyote kwa pamoja, watu juu ya magunia, na kuku juu ya watu. Kwenda Maneromango na kurudi, safari ambayo sasa mtu anaimaliza kabla njaa haijamuuma, kwetu ilikuwa safari ya kuagana na majirani.

Mume wangu aliitwa Juma. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja pwani na misafara ya wapagazi, akaoa, akabaki. Juma mwenyewe alizaliwa hapa hapa mjini, mtaa wa Gerezani, na Tabora hajapata kuiona hata kwa ndoto, lakini ukimuuliza kabila lake, kifua kilipanda kabla mdomo haujafunguka. Aliendesha lori la tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Mchafukoge. Lilipakwa rangi ya buluu na kuchorwa tausi mlangoni, basi likaitwa Tausi, na Juma akaitwa Juma Tausi. Lori la pili la njia ile lilikuwa la Mwarabu mmoja muuza nafaka, nalo liliitwa Kimbunga. Dereva wa Kimbunga alikuwa Hamisi, jirani yetu, aliyejifunza kuogelea na Juma siku moja, ufukwe mmoja, na kupigwa pamoja waliporudi nyumbani.

Sasa usidhani ugomvi ulikuwa wa hawa wawili. Ugomvi ulikuwa wetu sisi tuliopanda.

Watu wa mji huu tulikuwa na ugonjwa mmoja mtamu, ngoma za mashindano. Kulikuwa na chama cha Nyota na chama cha Mwezi, na kila mtu alikuwa wa huku au wa kule. Mkitushinda kwa tarumbeta, tutawashinda kwa sare. Mkitushinda kwa sare, tutawapikia pilau mpaka mshindwe kutembea. Malori yalipokuja nayo yakagawiwa. Tausi akawa wa Nyota, Kimbunga akawa wa Mwezi. Siku ya ngoma, lori lililotangulia kuingia Kariakoo kutoka Maneromango lilipokewa kwa ngoma na vigelegele. Wanawake walimtandikia dereva kanga mchangani azikanyage, na jina lake likaimbwa usiku kucha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dereva akisifiwa, mwanangu, hutia moto.

Nami sikuwa mbali na moto huo. Nilikuwa kijana, nimeolewa na mwanamume anayeimbwa. Nilipopita sokoni wanawake walininong'ona, na nilitembea polepole ili waninong'one vizuri.

Siku ninayokusimulia tulikuwa tunarudi. Nilikuwa nimekwenda Maneromango kumwonyesha shangazi yangu mtoto, Salma wangu, ambaye wakati ule hakuwa na jino hata moja. Jioni ile kulikuwa na ngoma. Kimbunga kilitangulia kuondoka, sisi tulichelewa kwa kupakia. Magunia yalizidi, watu walizidi, na kila aliyeambiwa lori limejaa alijibu, "Mimi mwembamba." Mabenchi yalijazwa na watu wa Nyota waliotoka kualikwa harusini, na tarumbeta zao na ngoma zao mapajani.

Benchi la mbele kabisa, nyuma ya mgongo wa Juma, maana hapakuwa na ukuta kati yetu na abiria, alikaa Binti Kondo. Huyu alikuwa bibi wa Kizaramo, muuza mikeka na ukili pale Kariakoo, mwenye nyumba Mtaa wa Swahili. Alikuwa mfupi, mkavu, kauli yake kubwa kuliko mwili. Ni lazima nikukumbushe jambo hapa, maana vijana wa siku hizi mnaoana na kuzikana bila kujua nani mtani wa nani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zamani za misafara. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, akaondoka nayo, usikasirike. Anaweza kukuambia jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja akikuambia mtapelekana kwa kadhi. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani na kichekesho, akaigiza mwendo wako, akalizuia jeneza mlangoni mpaka akombolewe. Ukimkasirikia mtani wako, watu watakuuliza kama umelelewa na mama au na mbuzi.

Tulipopita Kisarawe, tukaona mavumbi mbele yetu.

"Mavumbi yale ya nani?" mpiga tarumbeta akapaza sauti.

"Ya Kimbunga!" wakajibu.

"Na sisi tutakula mavumbi ya Kimbunga mpaka lini? Huyu Tausi ana mbawa, au ana manyoya ya urembo tu?"

Kicheko kikalipuka. Kisha wanawake wakaanza kuimba, kwanza taratibu, wakipiga makofi: ruka Tausi ruka, mji unakungoja. Ngoma zikaingia. Nikamwona Juma akiongeza moto. Hakuamua, mwanangu, hilo nataka ulijue. Mguu wake ulikuwa unacheza ngoma kama miguu ya wengine, ila wake ulikuwa juu ya moto wa gari.

Lori likaanza kuruka kweli. Magunia yaligongana, kuku walipiga kelele, mikeka ya Binti Kondo ikamwangukia mtu kichwani, naye akacheka. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Salma kwa mikono yote miwili na miguu nimeikaza chini. Mbele yetu ulikuwa mteremko wa Pugu, unaoshuka ndani ya msitu kwa kujipindapinda, kona inakuficha kona. Desturi ya madereva wote ilikuwa kusimama pale juu. Breki za malori yale zilikuwa dhaifu, zikipata moto zinalegea kama mkono wa mgonjwa. Basi unasimama, utingo anaweka gogo chini ya gurudumu, watu wanajinyoosha, breki zinapoa, ndipo unashuka kwa gia ndogo, taratibu, kama mtu anayemteremsha mtoto mgongoni.

Utingo wetu Sefu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amening'inia mlangoni upande wangu. Akainamisha kichwa ndani.

"Juma, breki zinanuka. Tunasimama pale juu?"

"Zitapoa tukishuka."

"Tangu lini breki ikapoa kwa kushuka?"

"Tangu leo."

Sefu akanitazama. Nami nilimtazama Juma, na neno lilikuwa kinywani tayari, limeiva, limebaki kutamkwa. Nikalimeza. Mama yangu alinifunza kwamba mume hakosolewi barabarani, hukosolewa chumbani. Nikawaza, nikisema mbele ya watu hawa, leo hii jioni tutaimbwa wote wawili, yeye kwa kutawaliwa na mke, mimi kwa kumtawala. Nikamshika mtoto zaidi. Nilikuwa naogopa wimbo kuliko mteremko! Fikiri mwenyewe akili hiyo.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya nyuma yetu.

"Mtani!"

"Naam, mtani wangu!" Juma akajibu bila kugeuka.

"Unatukimbiza hivi, kwani tumeiba nini?"

Watu wakacheka. Juma naye akacheka. "Hatujaiba, mtani. Tunawahi ngoma."

"Ngoma ya nani? Maana naiona kama yako."

"Ikiwa unaogopa, mtani, shuka utembee! Wazaramo si ndio wenye miguu?"

"Nitashukaje, na wewe umekwisha kufa?"

Nikageuka. Binti Kondo alikuwa amesimama, amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu kama wanavyojifunga waliaji. Akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi uliokata ngoma zote katikati:

"Uwiii! Jamani njooni! Juma wetu! Juma wa Gerezani! Kafa kijana, hata mvi hajaota!"

Akanyoosha mkono, akamvua Juma kofia. "Hii naichukua mimi, mtani ndiye mrithi. Koti lake mpeni Sefu, ingawa litampwaya. Viatu msigombanie, vina matundu. Uwii, Juma!"

"Mtani, acha bwana, naendesha!"

"Maiti haisemi! Lazeni maiti chini!" Watu wakaanza kucheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika, kina kitu cha baridi ndani yake. Akanigeukia mimi. "Na mjane huyu hapa. Mwanaisha, usilie sana, mwanangu, nimekwisha kukutafutia mume. Yuko Mchikichini, fundi cherehani. Kibogoyo, lakini ana nyumba ya mabati. Eda ikiisha tu, nakuja kukusuka."

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele cha masihara. Juma hakucheka. Niliona shingo yake imekaza.

Kisha Binti Kondo akafungua furushi lake, akatoa kitambaa cheupe cha bafta, kipya, hakijafuliwa. Akakikunjua kwenye upepo, akamtandikia Juma mabegani. "Sanda yake hii, msiseme mtani hakuchanga." Halafu akainama mpaka kichwa chake kikawa baina ya kichwa cha Juma na changu, akamtazama Salma, na sauti ikashuka, haikuwa ya kilio tena. "Na hiki kitoto masikini. Kitakua, kitaulizwa: baba yako alikufa kwa nini? Kitajibu: alikuwa anawahi ngoma."

Hakuna aliyecheka.

Bibi mmoja mtu mzima akasema polepole, "Astaghfirullah." Mwingine akaanza kulia kilio cha msiba, nusu ya utani, nusu sijui ya nini, na wanawake wengine wakampokea, mpaka lori zima likawa linaombolezea mtu anayeliendesha. Mpiga tarumbeta aliiweka tarumbeta yake chini ya benchi. Na mwanangu, nakuambia, hakuna mtu anayeweza kukimbiza gari huku anazikwa. Mguu wa Juma ulipanda wenyewe. Lori likapunguza, likapunguza, na pale juu kabisa kabla njia haijainama, akapiga kelele, "Gogo!"

Sefu alikuwa ameshuka kabla neno halijaisha. Gogo likaingia chini ya gurudumu. Injini ikanyamaza, mvuke ukapanda, na ndege wa msitu wa Pugu wakasikika kana kwamba walikuwa wanatungoja tunyamaze.

Juma alikaa na sanda yake mabegani. Kisha akageuka, akajitahidi kutabasamu, maana utani una sheria zake na mtu aliyelelewa hazivunji.

"Haya, mtani. Umenizika. Nijikomboe kwa nini? Nina kuku wawili nyuma kule."

"Kuku wako wamekonda kama mwenyewe. Siwataki."

"Sema unachotaka."

"Nipe mbio zako."

"Mbio?"

"Mbio zako. Kuanzia hapa ni mali yangu. Ukitaka kukimbia mahali popote katika barabara hii, uje kwanza Mtaa wa Swahili upige hodi, uniombe. Mali ya mtani haiguswi bila ruhusa. Au Wanyamwezi siku hizi ni wezi?"

Juma akamtazama, akanitazama, akamtazama mtoto. Akasema, "Chukua."

Binti Kondo akapitisha mkono hewani, akafumba ngumi kama mtu anayekamata nzi, akaupeleka kwenye pindo la kanga yake, akalifunga fundo. Alilifunga kwa makini, akalikaza kwa meno. Hakutabasamu alipokuwa akifanya hivyo, wala sisi hatukutabasamu. Tuliona kweli kitu kimeingia mle.

"Sasa tutaimbwa sisi," mpiga tarumbeta akalalamika. "Kimbunga kitaingia mji mbele yetu, na jioni tutaimbwa."

"Utaimbwa, mwanangu," Binti Kondo akamjibu, "lakini kuimbwa na kuliliwa, chagua wewe."

Tukangoja breki zipoe. Watu wakashuka, wakanywa maji ya madafu, wakakojoa vichakani. Juma akamwambia Sefu apange upya magunia ya juu, na vijana waliokaa juu yake washuke ndani. Kisha tukateremka kwa gia ndogo. Hakuna aliyeimba. Kona ya kwanza, kona ya pili, kivuli cha miti kikitufunika na kutufunua.

Kona ya tatu tulikikuta Kimbunga.

Tairi lilikuwa limepasuka, na lori limesimama katikati ya njia, halina pa kusogea, huku ukingo, huku bonde. Abiria wake wote walikuwa wameshuka, wake kwa waume na watoto, na kwa kuwa pale palikuwa na kivuli kizuri, wametandika kanga barabarani, wamefungua vikapu, wanakula mihogo. Walikuwa watu wa Mwezi, mahasimu wetu. Niliwaona majirani zangu mle. Nilimwona mwanamke aliyenizalisha Salma, amekaa katikati ya njia, amenyoosha miguu, anamenya muhogo.

Juma alikanyaga breki, na kwa mwendo ule wa kobe lori likasimama kwa utulivu, hatua chache kutoka kwenye vikapu vyao. Mama mmoja akatupungia mkono. "Karibuni chakula!"

Sote tulikuwa tunatazama kitu kimoja. Chini ya Kimbunga, miguu miwili ilikuwa imetokeza barabarani upande wetu, viatu vya ngozi vimechakaa visigino. Ilikuwa miguu ya Hamisi, aliyeingia chini kutazama ekseli.

Juma aliweka kipaji chake juu ya usukani. Sikumgusa. Nilisikia tu anavuta pumzi.

Hamisi akatoka chini ya lori, amejaa vumbi na girisi, akacheka. "Aa, Tausi! Mmekuja kutucheka?"

Juma akashuka na sanda yake begani, akaenda akamkumbatia. Hamisi akashangaa, mikono yake michafu akiinyanyua asimchafue.

"Una nini wewe? Mbona umejitanda bafta? Umefiwa?"

"Nimefiwa."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe," Juma akasema. "Nitakueleza. Leta jeki."

Walibadilisha tairi pamoja, na watu wa Nyota waligawana mihogo na watu wa Mwezi. Njia ikiwa moja na njaa ikiwa moja, uhasimu unakosa pa kukaa. Malori yakaingia Kariakoo jioni, moja nyuma ya lingine, mwendo wa maarusi. Watu waliokuwa wanatungoja na ngoma zao walichanganyikiwa. Hawakujua wampokee nani, hawakujua watandike kanga kwa nani. Wengine wakakasirika. Na kweli tuliimbwa, mwanangu. Usiku ule ule walimtungia Juma wimbo kwamba Tausi kanyonyolewa, na manyoya yake kavaa bibi kizee. Uliimbwa kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Gerezani. Hata watoto wadogo walitupitia dirishani wakiuimba.

Juma aliusikia akiwa amekaa kitandani, Salma amemlalia kifuani. Akaniuliza, "Unaona haya?"

Ndipo neno lililokuwa limekwama kooni tangu Pugu likatoka. Nikamwambia, "Naona raha. Waimbe mpaka asubuhi. Mtu anayeimbiwa matusi akiwa kitandani kwake, huyo yuko hai." Akacheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Kesho yake Binti Kondo alikuja kuchukua bafta yake. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa barazani, akanitazama bila utani hata chembe.

"Na wewe, mwanangu, jana ulimi wako uliuacha Maneromango?"

"Bibi, nilimchelea heshima yake. Mbele ya watu."

"Heshima ya maiti ni kuoshwa na kufunikwa. Heshima ya mtu hai ni kuambiwa. Wewe ulitaka kumpa ipi?" Akaendelea, "Mimi nina bahati, ni mtani wake. Lakini si kila lori litakuwa na mtani. Asiyekuwa na mtani atumie mdomo wake mwenyewe. Mungu hakuuweka pale kwa kunywea uji tu." Kisha akanyanyuka, akawa yule yule wa siku zote. "Haya, mjane wangu, kaa salama. Fundi cherehani anakusalimu." Na tangu siku ile mpaka anakufa hakuniita kwa jina lingine ila mjane wangu.

Wimbo ule uliisha, kama nyimbo zote zinavyoisha. Mbio hazikurudi. Kila asubuhi ya safari Juma alipita Mtaa wa Swahili akapiga hodi. "Mtani, naomba mbio zangu, leo njia kavu." Na sauti ikajibu kutoka ndani, "Zimelala, usiziamshe!" Majirani walitoka nje kusikiliza. Ukawa mchezo wa mtaa. Lakini mchezo huo ulikuwa na kazi yake. Wanawake wenye watoto wachanga wakaanza kumtafuta Tausi, wakisema wanapanda lori la mbio zilizofungwa. Na hata kwa Kimbunga, kabla Hamisi hajawasha injini, abiria walianza kuuliza kwa kicheko, "Mtani wa dereva yupo?" Akiwapo, walimpisha benchi la mbele. Asipokuwapo, walimchagua mmoja mwenye kauli awe mtani kwa siku ile. Na Hamisi, aliyekuwa mkali kama pilipili, alikubali. Akisahau, alikumbushwa kwa ukemi.

Binti Kondo alifariki akiwa amezeeka sana, kwake, Mtaa wa Swahili. Jeneza lilipoinuliwa litoke, Juma alijiweka mlangoni, mikono ameitanda huku na huku.

"Hatoki mtu hapa! Huyu bibi mwizi. Anaondoka na mali yangu. Nirudishieni mbio zangu!"

Msiba mzima ukacheka huku unalia, na ndivyo utani unavyotakiwa kufanya. Binti yake akaingia chumbani, akatoka na kanga kuukuu, imefifia, huwezi kusoma jina lake. Kwenye pindo palikuwa na fundo.

"Mama alisema ukidai, upewe."

Juma aliipokea. Akalipapasa fundo kwa kidole gumba, kwa muda, na uso wake ukabadilika. Watu walingoja alifungue. Hakulifungua. Akaipisha njia maiti ya mtani wake, akajitupia ile kanga begani, na kesho yake nikaiona imefungwa kando ya usukani. Ilikaa pale mpaka alipoacha kazi. Naye, mwanangu, alikufa kitandani, Gerezani, mchana, mkono wake ndani ya mkono wangu, kichwa cheupe pe kwa mvi.

Sasa nikuambie lililo moyoni, ndipo nikuache uende. Nyinyi ajali ikitokea mnauliza dereva alikuwa nani. Ulizeni pia waliopanda walikuwa wanasema nini. Dereva aendaye mbio mara nyingi amebeba sifa za watu mgongoni, na sifa ni mzigo unaozidi magunia. Usimsifu dereva kwa kuwahi, msifu kwa kufika. Ukiambiwa gari limejaa, usijibu kwamba wewe mwembamba. Ukisikia harufu ya breki, ukiona macho ya dereva yamechoka, ukiona utingo ana wasiwasi, usilimeze neno lako kwa kuogopa kuchekwa. Semeni wawili, watatu, basi zima. Kama unaweza kulisema kwa utani, liseme kwa utani, litaingia bila kuvunja mlango. Kama huwezi, liseme kavu. Na ikiwa wewe ndiwe unayeshika usukani, basi mtafute mtu mmoja utakayempa mbio zako akutunzie: mke, mama, mtoto, rafiki mwenye mdomo mbaya. Usizitunze mwenyewe. Zinatoroka kirahisi zikisikia ngoma.

Kawia ufike, walisema wazee. Watakaokungoja hawatakuuliza ulitumia saa ngapi. Watatazama mlangoni tu, kama nilivyokuwa nikitazama mimi.

Kanga ile ninayo, imo kisandukuni, na fundo lake halijapata kufunguliwa. Nenda, mwanangu. Mungu akupe dereva mwenye mtani, akupe ulimi usiolala safarini, akufikishe kwa watu wako mchana na jua likiwa bado kubwa. Na lile fundo la uhai wako, alilolifunga Yeye mwenyewe, lisifunguliwe na haraka ya mtu yeyote. Amina.